Dawa ya palu (malaria) kwa mtu asiye na palu: lupusi ilivyojulikana

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alirudi kwangu miezi miwili baada ya kuanza dawa ya lupusi. Miguu ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nikamuuliza kama anameza vidonge vyake. Akafungua kikapu, akatoa kiboksi alichokifunga kwa kitambaa safi, tukahesabu pamoja. Vilikuwa vimepungua sita tu.

"Dokta, nilimeza siku tatu. Yule wa farmasi aliniambia hii ni dawa ya palu, na palu ni siku tatu. Halafu nikaenda kupima palu, wakaniambia sina. Sasa ningeendelea kumeza kwa nini?"

Hapakuwa na mwongo kati yao. Muuza dawa alisema kweli, ila nusu yake, na mama akafuata alichoelezwa. Aliyekosea ni mimi. Niliandika jina la dawa kwenye karatasi, nikasema "kila siku", nikamwita mgonjwa anayefuata. Sikumweleza kwa nini mtu asiye na palu anapewa ndugu wa kwinini. Maelezo yake yana mzunguko kidogo, yanapita Paris, London na Java kabla ya kurudi kwenye vilima vya Kabare, lakini ni deni langu kwake, na naona wapo wengine wengi hapa Bukavu wanaolihitaji.

Lupusi ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Kinga ni kama zamu tuliyemweka kwenye parsele alinde usiku: kazi yake ni kumkamata mwizi. Katika lupusi zamu huyo anaanza kuwapiga wenye nyumba. Leo anampiga huyu kwenye viungo, kesho anaingia kwenye ngozi, kesho kutwa figo, utando wa moyo, mapafu, damu, hata ubongo. Haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa wala kula naye sahani moja. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 45, yaani umri ule ule wa kusoma, kuolewa, kuzaa na kupatana bei ya bidhaa sokoni.

Jina lenyewe ni la Kilatini, maana yake mbwa mwitu. Sisi huku hatuna mbwa mwitu wa namna hiyo, kwa hiyo jina halituambii kitu. Waliolianzisha waliishi Ulaya ya kale, ambako mnyama huyo alikuwa akitisha vijiji, na wakaona kidonda kinachokula uso ni kama kimeng'atwa naye. Katika maandishi ya karne ya 10 tunasoma habari ya askofu wa Liège, mji ulio Ubelgiji ya leo, aliyeugua ugonjwa ulioitwa hivyo na kusemekana kuponywa kwenye kaburi la Mtakatifu Martin kule Tours, Ufaransa. Kama alikuwa na hii lupusi yetu, hakuna anayeweza kusema. Wanaojua Kifaransa watakumbuka pia kwamba neno lao la mbwa mwitu, *loup*, ni jina la kile kibarakoa cha kufunika macho na sehemu ya juu ya uso kwenye sherehe. Wapo wanaosema jina la ugonjwa lilitoka huko. Kihistoria nadhani mbwa mwitu ndiye mwenye haki, lakini kitabibu mimi ningechagua barakoa, maana sijaona ugonjwa unaojificha kama huu.

Shida ya jina hilo ni kwamba lilimeza kila kitu. Kwa karne nyingi vidonda vya saratani, kifua kikuu cha ngozi na magonjwa mengine ya kula uso vyote viliitwa lupusi. Hata Robert Willan wa London, aliyepanga magonjwa ya ngozi kwa utaratibu mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alilitumia neno hilo kwa vidonda vinavyoharibu uso. Robert Koch alipogundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, njia ya kutenganisha ikapatikana, lakini kifua kikuu cha ngozi kimebaki na jina la lupusi mpaka leo vitabuni. Ukisoma kwamba Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu lupusi kwa mwanga, jua kwamba ni ile ya kifua kikuu. Lupusi yetu ni kinyume kabisa: mwanga wa jua huiamsha. Jina moja, mmoja anatibiwa kwa mwanga, mwingine anafichwa jua.

Waliokata uzi wa kwanza ni madaktari wa ngozi wa hospitali ya Saint-Louis, Paris. Laurent-Théodore Biett alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake juu ya wekundu wa ngozi unaoanza katikati na kusambaa kuelekea nje. Yeye mwenyewe hakuandika sana. Mwanafunzi wake Pierre Cazenave ndiye aliyeyachapisha mafundisho hayo mwaka 1833, na karibu na mwaka 1850 akaupa ugonjwa jina linalotumika hadi leo, lupusi ya wekundu. Kule Vienna, katika miaka ya 1840, Ferdinand von Hebra akaangalia baka lililotanda juu ya mashavu yote mawili na kuvuka mgongo wa pua, akasema linafanana na kipepeo.

Kipepeo hicho kinafundishwa kila mahali, na hapa kimetudanganya vya kutosha. Hebra alikuwa akiangalia ngozi nyeupe. Juu ya ngozi yetu kipepeo si chekundu. Ni cheusi zaidi ya uso wenyewe, au cha zambarau iliyofifia, au kama mtu aliyeungua na mvuke wa sufuria. Wagonjwa wenyewe hutuambia, "jua limeniunguza", na mara nyingi wanasema kweli. Aina nyingine huacha mabaka ya duara, katikati pamepauka rangi na kingo zimekuwa nyeusi. Nywele zikianguka mahali hapo hazioti tena. Baka la namna hiyo sikioni au kichwani limewahi kuitwa ukoma, limewahi kuitwa ringiwomu, na limepakwa kila aina ya mafuta.

Mpaka hapo ulikuwa bado ugonjwa wa ngozi. Aliyefungua mlango wa ndani ni Moriz Kaposi, mkwe wa Hebra, mwaka 1872: alieleza wagonjwa wenye baka usoni ambao pia walikuwa na homa, viungo kuuma, tezi kuvimba, kukonda na upungufu wa damu, na baadhi yao wakafa. Halafu akaja William Osler, Mkanada aliyekuwa akifundisha Baltimore, Marekani. Kati ya mwaka 1895 na 1904 aliandika juu ya wagonjwa ambao ugonjwa uliwashika figo, moyo, tumbo na viungo. Jambo kubwa aliloliona Osler ni kwamba ugonjwa huu unarudi, mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka, na shambulio linaweza kuja bila ngozi kuonyesha chochote.

Ili kuliona hilo ilimbidi asimwangalie mgonjwa wa leo tu. Ilimbidi amfuate.

Nimekaa sana kwa Osler kwa sababu ya kaye. Kila mgonjwa wa mji huu anajua kaye, lile daftari dogo analoandikiwa kila anapoingia kituo cha afya. Fungua la mtu mwenye lupusi ambaye bado hajajulikana. Mwezi wa tatu: homa, palu. Mwezi wa tano: homa, tifoide. Mwezi wa nane: vidole na magoti vinauma asubuhi, rimatisme (baridi yabisi). Mwezi wa kumi: amekauka damu, apewe ayani (madini ya chuma). Mwaka unaofuata, kaye jipya, maana lile limejaa au limelowa mvua, na sasa ni mapafu yana maji, aanze dawa za kifua kikuu. Kila ukurasa peke yake una akili. Palu ipo kweli, kifua kikuu kipo kweli. Lakini hakuna aliyesoma kurasa zote kwa mkao mmoja. Mwisho familia inachoka, inasema ni karuho, kuna mtu amemtilia sumu, na fedha za matibabu zinahamia kwa anayedai anaweza kuitapisha.

Katika karne ya 20 mambo yalienda mbio. Mwaka 1924, New York, Emanuel Libman na Benjamin Sacks wakaeleza uvimbe wa pekee kwenye vali za moyo. Ushahidi wa maabara ukaja mwaka 1948 kutoka Mayo Clinic, Marekani, kwa Malcolm Hargraves na wenzake. Hargraves alikuwa akichungulia uboho wa mifupa kwenye hadubini, akaona chembe nyeupe ya damu iliyomeza kitu kizima, laini, cha duara, mpaka kiini chake yenyewe kikasukumwa ukingoni kama mtu aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Kilichomezwa kilikuwa kiini cha chembe nyingine. Mwili ulikuwa unajila. Kufikia mwaka 1957 George Friou na wengine walikuwa wameonyesha kwamba ndani ya damu ya wagonjwa hawa zimo kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoshika viini vya chembe za mwili wenyewe. Hicho ndicho kipimo tunachoanza nacho hadi sasa. Damu yake mara nyingi inabidi isafiri nje ya mji, na bei inauma. Tena kikitoka chanya peke yake hakitoshi, kwa kuwa hata watu wazima wa afya wanaweza kuwa nazo kidogo. Kikitoka hasi, basi kwa karibu wote tunatafuta ugonjwa mwingine.

Kuna kipimo kingine ambacho lazima nikiseme, maana kimetikisa ndoa. Tangu enzi za kipimo cha kwanza cha kaswende, cha Wassermann, mwaka 1906, madaktari waligundua kwamba wapo watu wanaotoka chanya mwaka baada ya mwaka ilhali hawana kaswende. Baadhi yao, miaka ilipopita, walijitokeza kuwa na lupusi. Sababu ni kwamba kipimo hicho hutafuta kingamwili zinazoshika aina fulani ya mafuta, na mwenye lupusi anaweza kuzitengeneza bila kijidudu chochote. Mwaka 1983 Graham Hughes wa London akaunganisha kingamwili hizo na damu kuganda ndani ya mishipa na mimba kuharibika mara kwa mara. Sasa mfikirie dada aliyepoteza mimba tatu, akapimwa kaswende, karatasi ikasema anayo. Mume anauliza umeitoa wapi. Kabla ya swali hilo kuulizwa nyumbani, kipimo cha pili, kile kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe cha kaswende, kilipaswa kufanyika.

Sasa nirudi kwenye kiboksi cha mama.

Hapa kwetu kidonge chochote, hata cha kichwa, watu wengi hukiita kinini. Neno hilo limetokana na kwinini, na kwinini inatoka kwenye gamba la mti wa kinkina. Mti wenyewe asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Waholanzi waliupanda Java, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya ulimwengu ilitoka huko. Wabelgiji waliupanda Kivu, kwa kuwa vilima vyetu vina baridi na mvua inayoupendeza, na mpaka leo kiwanda cha Pharmakina hapa Bukavu kinajulikana kwa kwinini. Wazee wa Kabare waliobandua magamba hayo na kuyaanika juani wanaijua harufu yake.

Mwaka 1894, Joseph Frank Payne, daktari wa hospitali ya St Thomas' ya London, alieleza kwamba amewapa kwinini wagonjwa wa lupusi na ngozi zao zikapata nafuu. Hakuwa na maelezo mazuri ya kwa nini. Jambo likakaa. Halafu vita ikaja, Japani ikaiteka Java mwaka 1942, na majeshi ya Marekani na Uingereza yakabaki bila kwinini huku yakipigana katika nchi za mbu. Wakawamezesha askari mamilioni mepakrini, dawa iliyotengenezwa kiwandani, chungu, inayogeuza ngozi kuwa ya manjano. Baadhi ya askari wenye magonjwa ya ngozi na viungo wakaona maradhi yao yamepungua. Mwaka 1951 Francis Page, London, akachapisha habari za wagonjwa wa lupusi aliowatibu kwa mepakrini. Kutoka hapo njia ikaelekea kwenye klorokwini, ambayo Mjerumani Hans Andersag alikuwa ameitengeneza mwaka 1934, kisha kwenye ndugu yake mpole zaidi, haidroksiklorokwini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1955.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kitambaa cha mama.

Waliokula Nivaquine, yaani klorokwini, miaka ya nyuma wanaikumbuka kwa mwasho wake wa kukesha ukijikuna. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kongo iliiondoa klorokwini kwenye matibabu ya palu, kwa sababu kijidudu cha palu kilikuwa kimeizoea. Kijidudu kimeizoea, lupusi haijaizoea, kwani katika lupusi dawa hii haiui kitu. Inatuliza mawasiliano ndani ya chembe za kinga, polepole, na inahitaji wiki nyingi, hata miezi mitatu, kabla mgonjwa hajaona tofauti. Ndiyo maana siku tatu ni kama kumwagia shamba kikombe cha maji. Mwaka 1991 madaktari wa Kanada walichapisha jaribio lililofanywa kwa wagonjwa waliokuwa wametulia kwa dawa hii: nusu waliendelea nayo, nusu wakabadilishiwa kidonge kisicho na dawa bila kujua. Walioondolewa dawa walipatwa na mashambulizi mara 2.5 zaidi ya wenzao. Mjamzito pia huendelea nayo. Jicho ndilo linalohitaji uangalizi, kwa sababu ikinywewa miaka mingi inaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho, hivyo kipimo cha dawa hufuata uzito wa mtu na daktari wa macho humwona mara kwa mara. Isinunuliwe kwa kubahatisha kama ilivyotokea mwaka 2020 wakati wa Covid, ambapo wagonjwa wetu waliikosa kwenye maduka kwa sababu ya watu waliokuwa wazima.

Dawa ya pili kubwa ni kortisoni, inayotuliza kinga na uvimbe. Philip Hench wa Mayo Clinic alitangaza mwaka 1949 jinsi ilivyowainua vitandani wagonjwa wa viungo, na mwaka 1950 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Kwa mgonjwa wa lupusi aliyeshikwa figo au ubongo, dawa za jamii hii huokoa maisha. Ila katika mji wetu zina maisha mengine kabisa. Deksa, ambayo ni mojawapo, inauzwa kwa wanaotaka mashavu na makalio, inachomwa kwa kila maumivu ya mgongo, na mwenye lupusi akichomwa anapata nafuu ya ajabu kwa siku chache. Nafuu hiyo hufuta dalili, daktari anayemwona kesho hakuti kitu, na ugonjwa unaendelea kula figo kimya kimya. Ukiwa umechomwa deksa, sema. Hatutakugombeza. Na usiiache ghafla kama umeinywa kwa wiki nyingi.

Mwaka 1955 utafiti wa Baltimore ulionyesha kwamba karibu nusu tu ya wagonjwa walikuwa hai miaka minne baada ya kujulikana. Leo, penye dawa na ufuatiliaji, karibu 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 10. Dawa mpya zimeanza kutoka tangu mwaka 2011, lakini bei yake sitaitaja hapa nisije nikamwongezea mtu ugonjwa.

Nilipokuwa mwanafunzi, lupusi tulisomeshwa kwa haraka, kama ugonjwa wa Wazungu. Swali la kama Waafrika wa huku huugua lupusi ni la zamani. Huko Marekani wanawake weusi huugua lupusi zaidi ya weupe na mara nyingi kwa ukali zaidi, lakini hospitali za Afrika zilikuwa zikiripoti wagonjwa wachache mno. Mwaka 1968 Brian Greenwood, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, akatoa wazo kwamba labda palu ya mara kwa mara utotoni inaituliza kinga; baadaye yeye na wenzake wakaonyesha kwamba panya wenye ugonjwa unaofanana na lupusi walipona kwa kiasi walipoambukizwa palu ya panya. Wazo zuri, na huenda lina ukweli ndani yake. Lakini mahali ambapo kipimo hakipo na kila homa ni palu, uchache wa wagonjwa kwenye vitabu vya hospitali hauthibitishi uchache wao mitaani. Tangu tuanze kuutafuta, tunaupata.

Kwa hiyo ukiwa mwanamke kijana, viungo vya vidole vinakakamaa asubuhi, nywele zinatoka, vidonda visivyouma vinarudi kinywani, uso unaungua kila ukikaa juani sokoni, na homa zinazoitwa palu haziishi, muulize daktari kuhusu lupusi kwa jina lake. Na omba mkojo upimwe. Kijikaratasi cha kupima protini kwenye mkojo hakina bei kubwa na vituo vingi vinacho. Figo haziumi zinapoharibika. Povu lisiloisha kwenye mkojo na uvimbe wa asubuhi kwenye macho huja zimeshaumia. Kofia pana, mikono mirefu, mwavuli: kwenye kilima hiki cha mita 1,500 na ziwa linalorudisha mwanga usoni, hiyo ni sehemu ya dawa.

Yule mama tulimlaza, uvimbe ukashuka. Siku ya kutoka niliandika juu ya kiboksi kwa kalamu nene: SI YA PALU. KILA SIKU. Akacheka, akasema yule wa farmasi atakisoma yeye kwanza.

Mwezi uliopita aliniletea makaye yake yote manne, amefunga kwa kamba ya sambaza. Nikayasoma kuanzia la zamani. La kwanza ni la mwaka 2019. Kwenye ukurasa wa tatu, chini ya neno palu, nesi wa kituo cha afya alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mwandiko mdogo: vidonda mdomoni, haviumi, nywele zinatoka.